Mzee Bouguereau: walimpigia makofi, halafu wakamfungia stoo

(Haya ni maneno niliyoongea mbele ya wachoraji vijana, nimeyaandika karibu vilevile kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu pale nilipojirudia.)

Shikamooni wazee wangu. Na nyie wadogo zangu mliokaa chini kwa sababu viti vimeisha, mambo vipi, asanteni sana kwa kuja.

Naomba tuanze na picha, maneno yatafuata. Iangalieni hiyo hapo ukutani. Mama amevaa nguo nyeusi, amejilaza kifudifudi kwenye mapaja ya Bikira Maria, kachoka kabisa, hata uso hautaki kuonekana, na chini miguuni kuna mtoto mchanga amelala, na mtoto huyo hajalala usingizi, amekufa. Bikira Maria kainua mikono miwili juu na macho yake yanatazama mbinguni. Hii picha ni ya mwaka 1877, iko kwenye makumbusho ya sanaa ya mji wa Strasbourg, na aliyeichora ni William-Adolphe Bouguereau, nyie semeni tu Bugero inatosha. Mwaka huohuo wa 1877 mke wake alifariki, na miezi miwili baadae mtoto wao mchanga akafuata. Miaka miwili kabla alikuwa ameshamzika kijana wake Georges, miaka 16. Na kabla ya hapo binti yake Jeanne, mwaka 1866.

Nimeanza na hii kwa sababu huyu mzee ndo yule ambaye kwa miaka mingi wasomi wa sanaa walisema picha zake ni baridi, hazina roho, zimepakwa mafuta kama keki. Mimi mwenyewe nilivyoanza kujifunza nilikuta kauli hizo, mwalimu mmoja aliniambia usipoteze muda na yule, yule alikuwa mchoraji wa matajiri, nikamuamini, nikakaa miaka sijafungua hata picha yake moja. Siku niliyoiona hii ya mama mwenye nguo nyeusi nilijisikia nimedhulumiwa. Ndo maana nikaomba leo niongee habari zake.

Basi tuende mwanzo. Alizaliwa La Rochelle, mji wa bandari upande wa magharibi wa Ufaransa, tarehe 30 Novemba 1825. Baba yake mfanyabiashara, aliuza mvinyo na baadae mafuta ya zeituni, na biashara yenyewe ilikuwa ya kupanda na kushuka kama tunavyozijua biashara zetu. Nyumbani hakukuwa na utulivu, ikabidi kijana akalelewe na baba yake mdogo, padri Eugène, huko kijijini Mortagne. Huyu padri ndo alimfungulia dunia, akampeleka shule Pons na huko akakutana na mwalimu wa kuchora aliyeitwa Louis Sage, aliyesoma kwa Ingres, yule mkubwa wa wachoraji wa mstari safi. Kwa hiyo kabla hata hajaota ndevu tayari mkono wake una ukoo.

Halafu familia ikahamia Bordeaux, na baba anataka kijana ashike biashara. Wakakubaliana aende shule ya kuchora ya manispaa masaa machache tu kwa siku, muda uliobaki yuko kwenye mahesabu ya duka. Na mwaka 1844 kijana huyohuyo wa nusu siku akachukua zawadi ya kwanza mbele ya wanaoshinda pale kutwa nzima! Hela ya matumizi alikuwa anaipata kwa kuchora lebo za makopo ya jamu. Hapo mimi nilisimama nikacheka kwa furaha, maana na mimi nimeanza na mabango ya vinyozi na magenge ya chipsi, na wengi humu ndani mnajua kazi hizo, mnajua kwamba ukichora kuku wa bango lazima mteja aone kuku, asianze kuuliza. Lebo ya jamu nayo hivyohivyo. Naamini kabisa ule uwazi wa picha zake, kwamba mtu yeyote akisimama mbele anajua anaangalia nini, sehemu yake ilitokea kwenye yale makopo.

Sasa Paris ilikuwa inahitaji nauli na kodi ya chumba. Padri akamtafutia kazi kwa waumini wake, achore sura zao, na kijana akachora picha 33 kwa miezi 3, akapata faranga 900. Hebu pigeni hesabu, ni kama picha moja kila siku tatu bila kupumzika. Ndo hela iliyomfikisha Paris mwaka 1846, akaingia kwenye studio ya mchoraji Picot, na mwaka huohuo akafanya mtihani wa kuingia École des Beaux-Arts, shule kubwa ya serikali. Walichukuliwa watu 100. Yeye alikuwa wa 99.

Wa 99, jamani. Nataka hiyo mkae nayo.

Ngoja nieleze kidogo huo mfumo wenyewe maana ndo unaitwa akademia na watu wanalitumia hilo neno kama tusi bila kujua walikuwa wanafanya nini. Unaanza kwa kunakili michoro iliyochapwa, miezi na miezi. Ukiiva unahamia kwenye sanamu za plasta, unachora mguu wa plasta, sikio la plasta, mpaka ujue kivuli kinavyogeuka. Hapo ndo unaruhusiwa kuchora mtu hai aliyesimama uchi mbele yako. Rangi baadae sana. Na walikuwa na ngazi zao za heshima, juu kabisa ni picha za historia, dini na hadithi za kale za Wagiriki na Warumi, chini yake sura za watu, halafu maisha ya kawaida, halafu mandhari, na mwisho kabisa matunda na vyombo mezani. Bouguereau alipoona darasani hapatoshi akawa anaenda kuangalia maiti zinavyopasuliwa ili ajue msuli unaanzia wapi na kuishia wapi. Mimi kuhusu ile ngazi ya heshima siikubali, embe likichorwa vizuri ni embe lenye heshima zake, lakini kuhusu mazoezi ya mkono sina ugomvi nao hata kidogo.

Zawadi kubwa kuliko zote ilikuwa Prix de Rome. Ukishinda serikali inakupeleka Roma kwa miaka kadhaa, unalala na kula na kuchora kwenye jumba la Villa Medici. Mashindano yenyewe mnafungiwa kila mtu kwenye kibanda chake, mnapewa mada moja, mnachora kwa wiki nyingi. Alijaribu 1848 hakushinda, akajaribu tena 1849 hakushinda, mwaka 1850 mada ikawa Zenobia, yule malkia wa hadithi za Warumi aliyechomwa kisu na mume wake akatupwa mto Araxes, wachungaji wakamuokota akiwa bado anapumua. Mwaka ule walipita wawili, Paul Baudry na yeye. Yule wa 99.

Na kuna picha nyingine ya mwaka huohuo 1850 ambayo wengi mkiambiwa ni ya kwake mtakataa. Inaitwa Dante na Virgili, yule mshairi wa Italia anayetembezwa motoni na mshairi wa Kirumi, urefu wake karibu mita 3, sasa hivi iko makumbusho ya Musée d'Orsay pale Paris. Ni motoni. Wanaume wawili uchi wanapigana, mmoja kamkaba mwenzie kwa nyuma, goti kaliingiza mgongoni, meno yako shingoni, misuli yote imesimama mpaka unahisi shingo yako inauma, na juu kuna shetani mwenye mabawa kakunja mikono anatabasamu. Alikuwa na miaka 24 tu. Mtu anayesema huyu mzee hakuwa na moto ndani yake akaisimamie hiyo picha dakika tano halafu arudi tuongee.

Roma alikaa kuanzia 1851 mpaka 1854, akanakili picha za Raphael, yule mchoraji mkubwa wa zamani wa Italia, akazunguka Italia. Akarudi, akachora mashahidi wa dini, damu, mazishi ya makaburi ya chini ya ardhi, na kwa miaka ya mwanzo alikomalia huko. Baadae akagundua kwamba mambo ya kutisha na ya kishujaa hayanunuliki, watu wanataka Venus na vitoto vyenye mabawa na wasichana wa kijijini, na alilisema hili wazi mwenyewe bila kuona aibu. Hapa ndo mahali watu wanapomlaumu. Mimi namuelewa lakini simpi alama zote. Ana picha nyingi za watoto maskini wa shambani, miguu peku, na ile miguu ni misafi mno, haina vumbi wala ufa kisiginoni, na sisi tunajua kisigino cha mtoto anayetembea peku kikoje. Mkono ule ungeweza kuchora ule ufa, uliacha kwa sababu mnunuzi hakutaka kuuona sebuleni kwake. Hiyo inaniuma kwa sababu namheshimu.

Wanunuzi wenyewe wengi walikuwa Wamarekani. Dalali wa picha Adolphe Goupil alimshika kuanzia 1866 na kazi zikawa zinatoka studio zinavuka bahari moja kwa moja. Zaidi ya picha 800 zinajulikana kuwa za kwake, na zile kubwa si za kumaliza kwa siku mbili, alikuwa anafanya michoro midogo kwanza, halafu mchoro wa kila mkono na kila kitambaa, halafu vipande vya rangi kwa kila kichwa, halafu mchoro mkubwa wa saizi kamili, ndo ahamie kwenye kanvasi. Aliingia studio alfajiri, akatoka giza likimtoa. Aliwahi kusema kwamba jioni anapolazimika kuacha kwa sababu mwanga umeisha anashindwa kusubiri kesho ifike, na siku asipochora ni mtu mwenye huzuni. Hayo maneno mimi nayaamini kwa sababu ya ile hesabu ya 800, mtu haigizi upendo wa namna hiyo kwa miaka 50 na ushee.

Vyeo alivipata vyote. Mjumbe wa Académie des Beaux-Arts mwaka 1876, nishani za heshima za Ufaransa, Légion d'honneur, moja baada ya nyingine, mwaka 1885 wakampandisha tena. Maonyesho makubwa ya kila mwaka ya Paris, ile Salon, yeye alikuwa mmoja wa watu wenye sauti pale, na kukataliwa Salon wakati ule ilikuwa ni kukosa wateja, mtu unakosa hata hela ya kodi. Cézanne, mchoraji wa kizazi kipya, alikuwa analalamika kwamba amefungiwa nje ya Salon ya Monsieur Bouguereau. Degas, mchoraji mwingine wa kizazi hicho, na wenzie walitunga neno kabisa kutokana na jina lake, picha yoyote iliyolainishwa kupita kiasi wakawa wanasema hiyo imebouguereauliwa, kwa Kiswahili chetu ndo inavyokuja. Na walikuwa na haki ya kukasirika, nalisema hilo na namaanisha. Kundi lao lilifanya maonyesho yake lenyewe mwaka 1874 kwa sababu mlango rasmi ulikuwa mwembamba mno, na Bouguereau alikuwa mmoja wa waliousimamia mlango ule na hakuwahi kuwaelewa wale wenzie wa mwanga na upepo. Hilo ni kosa lake, haliwezi kufutwa na uzuri wa picha.

Lakini kuna mlango mwingine ambao huyohuyo alisaidia kuufungua, na dada zangu mliopo humu nataka mlisikie hili vizuri. École des Beaux-Arts haikuchukua wanawake mpaka mwaka 1897. Mwanamke aliyetaka kusoma alikuwa anaenda shule binafsi, na maarufu kuliko zote ilikuwa Académie Julian, na Bouguereau alianza kufundisha pale miaka ya 1870. Wanawake walichora modeli hai, walisahihishwa kazi zao na watu walewale waliokuwa wanakaa kwenye jopo la Salon. Mmarekani Cecilia Beaux alipita pale. Halafu kuna Elizabeth Gardner kutoka New Hampshire, alifika Paris mwaka 1864 akakuta shule zimefungwa, akakata nywele akavaa nguo za kiume ili aingie darasa la kuchora la Gobelins, kile kiwanda cha mazulia ya ukutani pale Paris, mwanamke huyo alikuwa na roho ngumu. Mwaka 1887 akapata medali ya Salon. Watu wakamsema kwamba anamuiga Bouguereau, na yeye akajibu kwamba bora ajulikane kama muigaji bora wa Bouguereau kuliko kutokujulikana kabisa.

Na hawa wawili walipendana. Walichumbiana mwaka 1879 baada ya yule mke wa kwanza, Nelly, kufariki. Mama mzazi wa Bouguereau akakataa, akasema mimi nikiwa hai huoi. Na mtoto akatii. Mtu mzima, mjumbe wa Akademia, mwenye nishani kifuani, kamwambia mchumba wake tusubiri. Wakasubiri miaka 17. Mama alifariki mwaka 1896 akiwa na miaka 91, wakafunga ndoa mwaka huohuo, bwana harusi ana miaka 70 na bibi harusi anakaribia 60. Sisi tuliolelewa na neno la mama tunaielewa hii hadithi bila kuelezewa, na bado mimi namuonea huruma yule dada wa New Hampshire, miaka 17 anaishi mtaa mmoja na mchumba wake. Baada ya ndoa akaweka brashi chini, akazishika tena mzee alipofariki.

Mwanafunzi mwingine aliyepita kwake kwa muda mfupi, mwaka 1891 hivi, alikuwa kijana mmoja anaitwa Henri Matisse, ambaye baadae alikuja kuwa mchoraji maarufu wa rangi kali. Hawakuelewana hata kidogo, mzee alimwambia hajui perspektivu, yaani kuonyesha karibu na mbali kwenye picha, na hajui hata kushika penseli, kijana akaondoka zake.

Sasa oneni mwaka 1905 ulivyokuwa. Mzee moyo umeshachoka. Mwaka 1900 alikuwa amemzika Paul, mtoto wake wa nne kumzika katika watano, amebaki na Henriette peke yake. Mwaka huo wa 1905 wezi wakavunja nyumba yake na studio pale mtaa wa Notre-Dame-des-Champs, na watu wa karibu wanasema hakukaa sawa tena baada ya hapo. Akarudi kwao La Rochelle, akafia huko tarehe 19 Agosti, wakamzika Paris makaburi ya Montparnasse pembeni ya Nelly na watoto. Miezi miwili baadae, Oktoba, yakafunguliwa maonyesho ya Salon d'Automne na Matisse yumo ndani na rangi zake zinazopiga kelele, na dunia ikageuza shingo kutazama upande ule. Miezi miwili tu.

Kilichofuata ni ukimya. Vitabu vya historia vikamruka au vikamtaja kama mfano wa ubaya, bei zikaporomoka, picha zikashushwa ukutani zikapelekwa stoo. Kuna moja kubwa ya mwaka 1873, warembo wa maji wanne wanamvuta jini la porini lenye miguu ya mbuzi waliingize kwenye maji, lenyewe limekaza kwato halitaki. Hiyo ilining'inia miaka mingi kwenye baa ya hoteli ya Hoffman House, New York, watu walikuwa wanaenda pale kunywa na kuitazama. Halafu ikatolewa ikafungiwa stoo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, giza tupu. Tajiri mmoja, Robert Sterling Clark, alikuwa ameiona ujanani, akaisaka, akaikuta, akainunua mwaka 1942, na leo iko kwenye makumbusho yake Williamstown, Massachusetts, jengo moja na picha zaidi ya 30 za Renoir, mmoja wa lile kundi la 1874. Wale waliokuwa wanagombana Paris wanakaa nyumba moja na kuta hazijaanguka. Mwaka 1984 makumbusho ya Petit Palais ya Paris ikamfanyia maonyesho makubwa, yakaenda Montreal na Hartford, watu wakaanza kuuliza tena huyu ni nani.

Nimebakiza kitu kimoja, halafu nawaachia nafasi ya maswali. Mwaka 1876 alichora Bikira Maria kavaa nyeusi, kamkumbatia Yesu aliyeshushwa msalabani, malaika wamewazunguka na nguo za rangi kama upinde wa mvua. Kwenye chombo kilichowekwa chini kaandika Kilatini, kwa kumbukumbu ya mwanangu mpendwa Georges, na tarehe aliyofariki. Miaka 12 baadae, mwaka 1888, akarudi tena kwenye msiba, akachora hii ninayoiweka sasa hivi ukutani, iko Buenos Aires, inaitwa Msiba wa Kwanza. Ni Adamu na Hawa na mwili wa Habili. Mtu wa kwanza kufa duniani. Wazazi hao wawili hawajawahi kuona kifo, hawana wa kumuuliza, hakuna jirani wa kuja kukaa matanga. Hawa kapiga magoti kafunika uso kwa mikono yote miwili. Habili kalazwa kwenye mapaja ya baba yake, ngozi imeshaanza kubadilika rangi.

Projekta naiacha iwake. Kabla hamjanyoosha mikono kuuliza naomba msogee, mliokaa nyuma pia, mje karibu kabisa muangalie mkono wa Adamu pale kifuani, vile vidole vinavyokandamiza nyama juu ya moyo.